Chama cha Baba, Chama Changu

Baba alikuwa mkata mkonge Tanga. Jina alilolitaja kwa heshima, ukiacha la Mwalimu Nyerere, ni la Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba. Chama hicho kilikuwa ndani ya TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililozaliwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza. Baba alituambia kwamba kabla ya chama, manamba, yaani kibarua wa mashamba, akidai haki yake alifukuzwa kambini siku hiyo hiyo. Baada ya chama, meneja alilazimika kukaa naye meza moja.

TANU na TFL walipigania uhuru bega kwa bega, lakini baada ya 1961 wakaanza kuvutana. Viongozi wa wafanyakazi walitaka Waafrika washike nafasi za wageni haraka. Serikali ilitaka utulivu na uzalishaji. Sheria ya 1962 iliufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Mwaka 1963 Mkello akapelekwa uhamishoni Sumbawanga kwa amri ya serikali. Wanajeshi walipoasi Januari 1964, viongozi wengi wa vyama wakawekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kikaundwa kwa sheria. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi.

Baba aliendelea kukatwa ada ya chama, ila vikao vilikuwa vya kupokea maagizo. "Kiinua mgongo tumepata, mwanangu," aliniambia, "lakini sasa nikidhulumiwa na serikali, nimshitaki nani kwa nani?"

Mimi nilianza ualimu enzi za JUWATA, iliyorithi NUTA. Vyama vilipoachwa kujisimamia katika miaka ya 1990, na baadaye shirikisho lao la TUCTA likaja, niliona mlango umefunguka. Mwaka 2010 tuliupima. TUCTA ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia Mei 5. Kwenye sherehe za Mei Mosi, Rais hakualikwa. Siku mbili baadaye Rais Kikwete aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba serikali haina uwezo huo, hata kama atanyimwa kura za wafanyakazi. Katika ofisi ya walimu tulisikiliza redio bila kusahihisha daftari hata moja. Mgomo ukasitishwa.

Wenzangu wengi walisema tumeshindwa. Mimi sikubali. Mwaka 1964 waliosema hapana waliwekwa ndani na chama chao kikafutwa. 2010 Rais mwenyewe alilazimika kusimama na kutujibu hadharani, na siku iliyofuata chama kilikuwa bado kipo.

Walimu vijana wananiuliza kwa nini wakatwe ada wakati nyongeza inatangazwa na Rais jukwaani kama zawadi. Ninawajibu: ingieni vikaoni, mdai hesabu za mapato na matumizi, mchague viongozi wasioogopa kuinyima serikali mwaliko. Mshahara ni haki ya kujadiliwa mezani, na meza hiyo wazee wetu waliipigania.