Silabi Iliyomezwa

Likizo iliyopita nilimrekodi nkambo wangu huko Likasi akisimulia kwa Kisanga hadithi ya binti aliyeolewa ng'ambo ya mto. Kamera niliiazima kwa mpiga picha wa harusi wa mtaani kwetu Lubumbashi, naye aliitaka kabla ya Jumamosi. Ijumaa usiku nilifungua kadi nikakuta folda ndani ya folda: PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM. Katika hiyo ya mwisho mlikuwa na faili mbili kubwa za MTS. Nilinakili hizo tu, mengine nikayaona takataka. Kesho yake kadi ilifutwa, ikajazwa harusi.

Nilipoziingiza faili katika programu ya kuhariri video, picha ilikuja bila sauti. Nkambo anapiga makofi, midomo inacheza, nami sisikii kitu. Kwa mwanafunzi wa isimu hiyo ni hasara yote. Kisanga ni lugha ya toni, na toni haionekani midomoni.

Nilidhani faili zimeharibika, kumbe zilikuwa nzima. AVCHD ni muundo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Picha hubanwa kwa H.264, na sauti, mara nyingi, kwa AC-3 ya Dolby. Programu yangu ilifahamu ya kwanza, haikufahamu ya pili. Nilichukua ffmpeg, ambayo ni ya bure, nikaiacha picha kama ilivyo, nikageuza sauti kuwa PCM, vyote nikavitia katika faili za MOV. Nkambo akasema.

Nikaanza kuandika maneno yake. Lakini pale faili ya kwanza ilipokutana na ya pili, sauti ilikatika kidogo sana. Kamera ya namna hii hugawa rekodi ndefu ikifikia ukubwa fulani, na maelezo ya kuunga vipande huwekwa katika zile folda nilizoziacha. Sikujali, nilisikia kitenzi, nikaandika: binti alirudi kwao.

Usiku mmoja mwisho wa hadithi ulinisumbua. Kama alirudi, mbona mama yake analia? Nilirudia faili za awali za MTS, nikaziunganisha moja nyuma ya nyingine kabla ya kuzigeuza. Mkato ukatoweka. Mbele ya kitenzi ikasikika silabi moja fupi, ile ya kukanusha. Binti hakurudi.

Ningeweza kuwasilisha kazi yangu hivyo hivyo, na nkambo angesomwa akisema asichokisema. Mwalimu asingegundua, kwa kuwa hajui Kisanga.

Wenzangu mnaokwenda uwandani na kamera za kuazima, nakilini kadi nzima, na folda msizozielewa pia. Mimi nimekwisha kurudi Likasi na kompyuta. Nkambo alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akaniuliza kwa nini nilidhani binti yule angerudi.