Televisheni Zilivyotufikia Ufipa

Gazeti la Jumatatu sisi wa Sumbawanga, huku Ufipa, tulilisoma Jumatano, na masika liliweza kufika Ijumaa, kingo zimelowa. Hiyo ilikuwa kabla ya lami. Njia ya Tunduma kupitia Laela ilikuwa ya udongo, na basi likikwama, habari za nchi nzima zilikwama nalo. Tuliishi kwa redio. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 14, 1999, msiba ule tuliupokea kwa masikio. Babu alikaa barazani, redio magotini, hakutaka mtu aongee.

Picha walikuwa nazo wengine. Dar es Salaam walikuwa na ITV ya Reginald Mengi na DTV, vituo vya watu binafsi vilivyozaliwa baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kufungua mlango. Zanzibar walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Serikali ya Muungano haikuwa na kituo chake mpaka ilipoanza Televisheni ya Taifa, TVT, mwaka 2000. Mambo haya niliyajua baadaye sana. Utotoni nilijua tu kwamba nyuma ya soko kuna banda umiza, na kwamba ukiwa na sarafu unaingia.

Banda lile lilikuwa la matofali ya udongo, mabenchi ya mbao za mkaratusi, TV ya chogo imewekwa juu kabisa ili hata aliyesimama mlangoni aone. Ungo ulikuwa nje, miguu yake imekandamizwa mawe, maana upepo unaoshuka Milima ya Mbizi ukiuyumbisha kidogo tu, kioo kizima kinajaa chenga. Mvulana mmoja alikuwa na kazi ya kutoka nje kuuzungusha, na watu sitini ndani wakimpigia kelele: hapohapo, rudi kidogo, acha! Juni na Julai, baridi ya uwanda ikikaza, hakuna aliyelalamikia kubanana. Umeme wetu ulitoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, kwa njia ya Mbala, na ulipokatika mwenye banda aliwasha jenereta na kiingilio kikapanda.

Rimoti ilikaa kwenye mfuko wa koti la mzee mwenye banda. Yeye ndiye aliyeamua kama usiku ule ni mpira, ni sinema au ni taarifa ya habari. Nikifikiria leo habari za umiliki wa vyombo vya utangazaji, namkumbuka yeye kwanza. Alikuwa mmiliki tuliyemfahamu kwa sura. Ukimwomba, alisikia. Ukimkasirisha, ulitoka nje.

Wanawake hawakuingia sana bandani. Mama na mama mdogo walikwenda jioni sebuleni kwa jirani mwenye duka la nafaka, kutazama Isidingo ya ITV. Tamthilia hiyo ya Afrika Kusini ilihusu watu wa mgodi wa dhahabu, na babu, ambaye ujanani alikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia kama walivyofanya Wafipa wengi wa rika lake, aliomba kupelekwa naye. Hakuelewa Kiingereza chao. Alielewa kofia, taa za kichwani, na wake wanaosubiri ving'ora. Aliwaeleza wanawake wale mambo ambayo tamthilia yenyewe haikuyasema, na nadhani ndizo jioni pekee alizowahi kusimulia habari za migodini.

Majina ya vituo yalianza kubadilika bila sisi kuulizwa. DTV ikawa Channel Ten. TVT na Radio Tanzania zikawekwa chini ya paa moja, na kufikia 2008 tukawa tunaambiwa tuseme TBC, chini ya Tido Mhando aliyetoka Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mwaka huohuo vijana wa Ze Comedy, akina Joti, Masanja na Mpoki, wakahama EATV kwenda TBC. Jina likabaki walikotoka, wao wakaja kuitwa Orijino Komedi. Bandani mjadala ulichukua wiki nzima: kipindi ni cha nani, cha kituo au cha wanaochekesha? Watazamaji waliumaliza wenyewe kwa kuwafuata watu waliowapenda.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye kioo kile kilikuwa Bunge, Februari 2008. Dk. Harrison Mwakyembe alikuwa akisoma ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Mchana kweupe banda lilijaa, na mzee hakutoza mtu. Waliingia wauza mahindi, makuli, akina mama na mabeseni yao ya migebuka kutoka Kasanga, na mwalimu wangu wa Uraia akasimama ukutani. Kesho yake, Edward Lowassa aliposema anajiuzulu uwaziri mkuu, hakuna aliyeshangilia. Watu walitazamana. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba Bunge huisimamia Serikali, nikakariri, nikafaulu mtihani. Siku ile nikaona kwa macho yangu maana yake.

Siku iliyofuata Spika Samuel Sitta akasoma jina la aliyependekezwa kuwa waziri mkuu mpya: Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda Mashariki. Mpanda si Ufipa, lakini mkoa ulikuwa mmoja, Rukwa, kwani Katavi ilikuja kujitenga mwaka 2012. Kelele zilizopigwa pale sijazisikia tena. Watu waliokuwa wakisoma gazeti la juzi walikuwa wamelipata hili sawa na mtu wa Kariakoo, kwa sekunde ileile.

Ndiyo maana Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, sababu ikiwa gharama, mimi niliumia. Wa Dodoma anaweza kupanda daladala akaenda kukaa jukwaa la wageni. Sisi wa pembezoni tulikuwa na dirisha moja, na kituo kile ni cha umma, kinaendeshwa kwa fedha zetu pia. Naamini hadi leo kwamba ulikuwa uamuzi mbaya, na kwamba ulitunyang'anya sisi wa mbali kuliko walio karibu.

Kufikia hapo banda lilikuwa limeshakufa. Ving'amuzi vilikuwa vimeingia kila nyumba yenye uwezo: vya StarTimes, Wachina walioungana na TBC, kisha vya Azam, kampuni ya Bakhresa iliyoanza kurusha matangazo mwishoni mwa 2013. Wachina walituletea pia Mao Doudou na mama wakwe zake, wakizungumza Kiswahili fasaha, na mama mdogo akamsahau kila mtu wa Isidingo. Chaneli ziliongezeka, na kila nyumba ikawa na rimoti yake. Ila tukajifunza mambo ya vifurushi, na Agosti 2018 tukajifunza habari za leseni pia, ITV na vituo vingine vilipoondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia kwa sababu chaneli za bure hazikutakiwa kuuzwa humo. Mama mdogo alidhani ungo umeyumba. Alimtuma mtoto juu ya bati akauzungushe. Mwaka uliofuata Channel Ten ikawa mali ya CCM, na mama mdogo akajua siku nyingi baadaye, kwa kuambiwa na kinyozi.

Katika miaka yote hiyo picha zilitoka kwingine kuja kwetu; kamera zenyewe zilifika kwa nadra. Sumbawanga ilionekana ajali ikitokea, au kiongozi akipita. Agosti 2, 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ikachezwa hapa kwetu, Uwanja wa Nelson Mandela, kati ya Simba na Namungo. Lami ilikuwa imeshafika, mabasi ya mashabiki yalikuja kwa msururu, na magari ya matangazo yalipaki mahali ambapo siku nyingine huuzwa viazi. Nilikuwa jukwaani. Nilitazama zaidi kamera kuliko mpira: ile ya juu, iliyogeuka taratibu kuupita uwanja, mabati ya mji, kisha kilima cha nyuma.

Simba ilishinda 2–1. Kabla kipenga cha mwisho hakijalia, binamu yangu alishanipigia simu kutoka Mbagala, akipaza sauti, akitaka kujua mbona watu wa jukwaani wote wamevaa makoti. Nikamwambia huku ni Ufipa, Agosti, na kama anaweza asogee karibu na TV yake, mimi niko upande wa kushoto wa goli, nimevaa kofia ya sufu ya kijani.