KUTEMBEA KWA FIMBO MBILI

Miongoni mwa neema ambazo mwanadamu hazitambui mpaka zipungue ni kwenda kwa miguu yake. Sisi tumeketi juu ya mkeka wa chuo zaidi ya miaka thelathini tukiwasomesha watoto, na mkeka nao ukatudai ujira wake: magoti yakawa mazito, pumzi ikawa fupi, na kila tulipoinuka kutoka katika sijida tulishika paja kwanza. Tabibu alitupima akaona shinikizo la damu limepanda. Akatupa dawa, na pamoja na dawa akatuamrisha mwendo. Sharia imemruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi, na ruhusa hiyo ni rehema. Walakini mwenye uwezo wa kuulinda mguu wake yampasa aulinde, kwani mwili ni amana.

Ndugu wasomaji, mpwa wetu akaaye Helsinki, katika nchi ya Ufini, alipokuja kututazama alituletea fimbo mbili nyepesi zenye vitanzi vya kuvaa mkononi. Khabari yake ni hii. Ufini ni nchi ya theluji, na watu wake huteleza juu yake kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, wakijisukuma kwa fimbo. Theluji inapoyeyuka, wanamichezo wao walizoea kwenda kwa miguu na fimbo zile zile, ili mikono na mabega yasilegee. Mwaka 1997 zikatolewa kwa watu wote fimbo zilizotengenezwa makhususi kwa kutembea, na tangu hapo mwendo huo umeenea katika nchi nyingi. Wafini wauita sauvakävely, na maana yake ni kutembea kwa fimbo, basi.

Huenda mtu akauliza: je, kutembea nako kwataka mwalimu? Naam, kwataka. Mkongojo wa mzee huegemewa. Fimbo hizi husukumwa. Mpwa wetu, ambaye zamani tulimsomesha alifu na be, sasa alitusomesha sisi, nasi tukamtii.

Kwanza ni kipimo. Simama wima, ishike fimbo kando ya mguu. Kiwiko kikijikunja kama pembe ya meza, fimbo imekufaa. Mtu wa sentimita 170 hufaliwa na fimbo ya sentimita 115 hivi. Pili, vaa vitanzi, uziache fimbo zikokoteke nyuma, nawe uende mwendo wako wa kawaida, mkono wa kulia ukifuatana na mguu wa kushoto. Mwendo ukituama, ndipo uanze kusukuma. Ncha haipigwi mbele ya mwili. Hukita chini ikiwa imeelekea nyuma, na mkono hujisukuma mpaka upite nyonga. Hapo vidole hufunguka, na kitanzi huirudisha fimbo. Kwa njia hii kifua, mabega na mikono hufanya kazi pamoja na miguu, na moyo hupata zoezi zaidi kuliko kwenda mikono mitupu. Penye lami huvishwa ncha ya mpira. Penye mchanga huvuliwa.

Tulipotoka nazo baada ya alfajiri katika njia ya Raskazone, hapa Tanga, watu wa baraza walitucheka. Mmoja aliuliza kama mwalimu ameota miguu minne. Mwingine alitupa pole, akidhani tumepooza. Hata nyumbani kwetu tuliombwa tutoke kabla hapajapambazuka, ili tusionekane.

Hapa ndipo penye nasaha yetu. Wangapi katika sisi wameketi mpaka miguu ikawaaga, kwa kuogopa kicheko cha jirani? Nabii Musa alipoulizwa kilichomo mkononi mwake, aliitaja fimbo yake na manufaa yake bila ya haya, naye alikuwa mchunga mwenye nguvu, si kikongwe. Aonaye haya kushika fimbo mbili leo, huenda kesho akashika moja kwa lazima.

Hatusemi kuwa maradhi yametutoka. Dawa twazimeza kama tulivyoamriwa. Lakini sasa twainuka kutoka katika sijida bila ya kushika paja, na kwetu hilo si dogo.

Shirika la Afya Duniani lawausia watu wazima dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, kwa uchache. Nazo ni nusu saa kwa siku tano. Mwenye maradhi ya moyo au kizunguzungu na amwulize tabibu wake kwanza. Asiyezipata fimbo za dukani akate fito mbili nyepesi zilizonyooka, azifunge vitanzi vya kitambaa. Na kijana atakayemwona baba yake au mama yake akitoka nazo, asicheke, afuatane naye.