Mwaka Niliokatazwa Kuitwa Mwalimu

Bumu halijatoka na Jumatatu nina testi, ila hili acha niliandike leo, maana limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Wengi mnajua kwamba kabla ya kuja hapa Mlimani nilikaa Ujerumani mwaka mzima, 2022 hadi 2023, najitolea kwenye chekechea moja karibu na Hamburg. Nilienda kwa mpango wa weltwärts, ambao tangu 2013 unapeleka na vijana wa huku kule, siyo wao tu kuja kwetu. Nilitoka Moshi kifua mbele. Baada ya fomu siksi nilishafundisha vidudu miezi mitatu pale mtaani, basi nikajiona mwalimu kamili.

Kule chekechea wanaiita Kita. Nilicheka peke yangu, kwetu kukita ni kusimama imara, na mie miguu ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Kabla sijaingia mlangoni nilidaiwa cheti cha polisi na uthibitisho wa chanjo ya surua. Siku ya kwanza nikajitambulisha kwamba mimi ndiye mwalimu mpya. Mama mkuu akatabasamu, akanirekebisha taratibu: wewe ni msaidizi. Kumbe kulea na kufundisha hao wadogo watu wanakusomea kama miaka mitatu! Nikapewa kukata matunda, kutafuta kiatu cha ndani kilichopotea, na kuwavalisha watoto suruali za mpira, maana mvua ikinyesha hawafungiwi ndani, wanatoka kuchezea matope. Kubaki na watoto peke yangu? Hapana.

Jamani, niliumia. Nikampigia mama simu nikamwambia huku ni ubaguzi mtupu. Halafu vitoto vya miaka minne vinaniita jina langu kavukavu, shikamoo hakuna, na vinanisahihisha der, die, das. Mimi niliyepata A ya Kiswahili na ngeli zangu zote kichwani!

Aliyenifumbua macho ni mtoto mmoja wa miaka mitatu, mgeni. Kule mzazi hamwachi mtoto siku ya kwanza akakimbilia kazini. Mama alikaa naye kwenye kona siku kadhaa. Baadaye akatoka dakika 10 tu, kesho yake nusu saa, hivyo hivyo kwa wiki kadhaa. Na anayempokea asubuhi ni mwalimu yuleyule mmoja. Mtoto alikuwa ananipenda, ananing'ang'ania shingoni, nikauliza kwa nini nisimpokee mimi. Mwalimu akanijibu bila ukali: "Kwa sababu wewe mwakani unaondoka."

Nilinyamaza. Nikakumbuka Moshi. Pale chekechea yetu aliwahi kuja dada mmoja wa Ulaya, umri wangu tu, wa mwezi mmoja. Siku hiyohiyo akakabidhiwa darasa la watoto zaidi ya 50. Mwalimu wetu, mama aliyesomea kazi hiyo, akahamia nyuma kugawa uji. Dada wa watu hakuwa na kosa, alifanya alichoambiwa. Ila alipoondoka watoto walimuulizia siku nyingi, na walipoanza kusahau akaja mwingine. Hata mimi sikuona tatizo. Nilikuwa namwonea wivu tu.

Sasa wiki iliyopita mwenye chekechea kanipigia. Kapata wageni wawili wa mwezi mmoja, anataka likizo niende kuwatafsiria wakifundisha. Nikamwambia nitakuja, ila wakae kama nilivyokaa mimi: wakate matunda, wafunge kamba za viatu, na mama yetu abaki mbele ya darasa. Akaguna. "Mwanangu, hao ndio wanaopaka rangi na kununua madawati. Nikiwapa visu vya matunda watarudi?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Madawati ni kweli tunayahitaji, nimekalia mawe mwenyewe. Lakini nauli ya Moshi nimeshaanza kuidunduliza. Nitaenda, na siku ya kwanza nitaomba kitu kimoja tu: mama yetu ndiye awapokee watoto mlangoni.

Haya, narudi kwenye nondo.