Kaktasi ya binti

Binti alipoondoka kwenda bweni Januari, alimwachia baba yake agizo moja: "Kaktasi yangu usiisahau." Baba akasahau. Ilikaa juu ya friji, nyuma ya makopo, mpaka ikasinyaa na kulalia upande.

Alikumbuka wiki mbili kabla ya likizo ya Juni. Kwa hofu akaimwagia kikombe kizima cha maji, kesho yake kingine. Hapo ndipo wengi huimalizia. Mama anayeuza maua kando ya barabara aliing'oa, akamwonyesha mizizi iliyoanza kuoza. "Baba yangu, huyu ana kiu, ila usimnyweshe kwa pupa."

Alikuwa na nyingine, inafanana kabisa. Baba aliishika, akaulizia bei, kisha akairudisha.

Mizizi myeusi ilikatwa, kidonda kikaachwa kikauke siku nne. Ukafuata udongo mpya, nusu mchanga, kwenye chungu chenye tundu chini. Maji kidogo baada ya wiki. Jua la asubuhi tu, maana la mchana lingeibabua.

Binti alirudi, akaikuta dirishani, bado imeinama.

"Ulisahau."

"Nilisahau, mama."

Akaigusa udongo kwa kidole. "Leo usiipe maji," akasema, akaketi karibu naye.