Gari Lililolia Kwenye Kona

Leo twapenda kuwasimulia habari ya gari moja kuukuu, na ya mlio uliosikika kila lilipokata kona. Wengi wenu hamna gari, wala sisi hatuna. Lakini kwetu Wamaza gari moja ni la watu wengi. Hubeba mchele na mawese kwenda sokoni, huleta madaftari ya watoto, na usiku wa shida humpeleka mgonjwa Kasongo. Gari la namna hiyo likiugua, kijiji kizima chapata hasara.

Njia yetu ya Kasongo na Kabambare ni ya zamani kuliko magari yote. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani ilipita nchi hii kwa miguu, ikitoka Ujiji kwenda Kabambare, Kasongo hata Nyangwe. Mwaka 1870 yule msafiri Livingstone alilala Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, kwa muda wa miezi karibu mitatu, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Alikuwa na nia ya kwenda mbele, lakini miguu ilikataa. Siku hizi miguu ya msafiri ni magurudumu, walakini sheria ya njia haikubadilika: kifundo kikiharibika, safari imekwisha.

Gari tunalolisimulia ni Land Cruiser ya miaka mingi, mali ya ushirika wa wazazi. Sisi tulikabidhiwa kutunza fedha za ushirika huo. Mwaka jana, wakati wa mvua kubwa, mzee mmoja jirani alikuja kubisha hodi usiku wa manane. Alisema: "Mwalimu, binti yangu ana uchungu tangu jana asubuhi, na mkunga asema kazi hii imemshinda." Tukamwamsha dereva, tukatandika godoro nyuma ya gari, tukaondoka.

Njia ilikuwa tope tupu. Dereva alishuka, akafunga vile vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, ili magurudumu yote manne yavute. Katika kona ya kwanza tukasikia mlio chini ya miguu yetu: ka, ka, ka, ka, kama mtu agongaye sufuria kwa kijiko. Njia iliponyoka, mlio ukakoma. Kona ya pili ukarudi, na kila dereva alipoongeza mwendo, nao uliongeza haraka. Mama yule alikuwa akiugua nyuma, gari likilia mbele, nasi katikati hatukujua tuogope lipi kwanza. Kulipopambazuka tulifika, na kabla ya saa sita mtoto wa kike alizaliwa salama. Tulishukuru sana. Lakini wakati wa kurudi mlio ulikuwa ungali pale pale.

Siku ya pili dereva alituambia: "Mwalimu, hili ni boksi la usukani. Limekufa. Yafaa tuagize jingine Bukavu." Tulimwuliza amejuaje. Akajibu: "Si unalia usukani ukizungushwa? Basi ugonjwa uko katika usukani." Maneno hayo tuliyaona kuwa ya akili. Bei ya boksi hilo ilikuwa karibu sawa na fedha zote tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya mabati ya madarasa mawili. Tuliumia moyo, lakini tulipokumbuka usiku ule tukasema: mabati yatangoja, mgonjwa hangoji. Tukaandika barua ya kuagiza.

Kabla barua haijaondoka, alipita fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, aliyezoea magari ya njia hii tangu ujana wake. Tulimweleza habari. Akauliza: "Mwalimu, mmekwisha kuamua?" Tukajibu: "Ndiyo, Mzee, tumekwisha kuamua." Akasema: "Vema. Na je, mmekwisha kulisikiliza?"

Twakiri kwamba neno hilo lilitutia haya. Sisi tulifundishwa seminarini kwamba mambo mawili yakitokea pamoja, haifuati kwamba moja ni chanzo cha jingine. Tumewafundisha watoto hivyo hivyo ubaoni. Walakini mbele ya gari bovu na fedha za watu, tulilisahau somo letu wenyewe.

Mzee alianza kazi bila kufungua hata nati moja. Kwanza alipapasa matairi, asije akakuta kijiwe kimekwama, kwa maana kijiwe nacho hugonga njia kwa mpigo. Hakukuwa na kijiwe. Akajaribu nati za magurudumu, zote zilikaza. Kisha akamwambia dereva awashe injini na kuzungusha usukani kushoto na kulia, gari likiwa limesimama, naye akalala chini akiweka mkono juu ya kila kifundo cha fimbo za usukani. Hakikusikika kitu, wala mkono wake haukuona mchezo wowote. Akainuka, akasema: "Usukani umezungushwa, na mlio haukuja. Usukani si mwenye kosa."

Tena akafungua vifungio vya magurudumu ya mbele, gari likavutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Dereva akazunguka uwanja polepole, usukani umekatwa hadi mwisho. Kimya. Mzee akafunga tena vifungio, akataka dereva atie nguvu ya magurudumu manne, azunguke vivyo hivyo penye udongo laini. Mara tukasikia: ka, ka, ka, ka! Watoto wa shule waliokuwa wakitazama walipiga kelele kama waliomwona mwizi akitoka kichakani.

Ndipo Mzee alipotueleza. Injini huzungusha ekseli, na ekseli huzungusha gurudumu. Lakini gurudumu la mbele lina kazi mbili: lazunguka, tena lapinduka kushoto na kulia. Fimbo moja ngumu haiwezi kazi hizo mbili. Kwa hiyo mwishoni mwa ekseli pamewekwa kiungo, mfano wa nyonga ya mwanadamu: ni kikombe cha chuma, na ndani yake gololi sita hutembea katika mifereji, zikishikwa na kizimba chao. Kiungo cha namna hii kilibuniwa huko Marekani na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, na hata leo magari mengi ya dunia hutembea kwa ufundi huo. Gari likienda moja kwa moja, gololi hukaa karibu mahali pamoja. Likikata kona, gololi hwenda mbele na nyuma katika mifereji kila gurudumu lizungukapo. Mfereji ukiwa umelika, gololi huruka badala ya kuteleza, na kila mruko ni "ka" moja. Vifungio vikifunguliwa, ekseli ya mbele haibebi tena mzigo wa gurudumu, na kwa hiyo haisemi neno.

Gurudumu la kulia likafunguliwa. Kiungo hicho katika gari la namna hii hukaa ndani ya kibuyu cha chuma kilichojaa gresi nzito. Lakini mle hamkuwa na gresi. Mlikuwa na uji mweusi, mwembamba, wenye mchanga. Mzee akaunusa, akasema: "Haya ni mafuta ya difu." Sili ndogo ya ndani, inayozuia mafuta ya difu yasiingie katika kibuyu, ilikuwa imekwisha. Mafuta yaliingia, yakaiyeyusha gresi, yote mawili yakavuja nje, na tope likapata njia ya kuingia. Mifereji ya kikombe ililika kama kizingiti cha nyumba ya zamani.

Hapo Mzee akauliza bila ukali: "Hamkuona gurudumu hili likitoka mafuta?"

Ndugu wasomaji, tuliona. Miezi mingi kabla ya usiku ule, tuliona weusi unang'aa nyuma ya gurudumu la kulia, na utelezi ukichirizika mpaka kwenye ukingo wa tairi. Tulimwita dereva, tukamwambia achukue kitambaa apanguse, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, nasi hatukupenda gari la wazazi lionekane chafu. Alipangusa. Juma lililofuata weusi ulirudi, akapangusa tena. Tuliona aibu ya uchafu, hatukuona ugonjwa. Sili ile bei yake ni ndogo mno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ufa wetu tuliupaka rangi.

Mzee alituambia pia jambo lililotunyima usingizi. Kiungo kama kile kikipasuka, magurudumu ya mbele hayavuti tena, na kipande cha chuma chaweza kukwama na kuuzuia usukani usigeuke. Tulifikiri juu ya mama yule katika tope, na kona zote tulizopita gizani.

Barua ya boksi la usukani tuliichana. Tuliagiza kiungo kimoja, sili za pande mbili na gresi. Fedha za mabati zilipungua, lakini hazikwisha: darasa moja lilipata mabati, na la pili likakaa chini ya nyasi mvua nzima. Tulisimama mbele ya mkutano wa wazazi, tukawaambia kwamba darasa hilo lavuja kwa sababu yetu, si kwa sababu ya dereva. Mama mmoja akasema: "Heri Mwalimu ametuambia mwenyewe." Mzee mwingine hakusema kitu, akatoka nje. Vyote viwili vilitustahili.

Basi, ninyi mnaopanda au kuendesha magari, mwayaweza haya. Mlio ukija gari limesimama na usukani wazungushwa, tazameni fimbo na vifundo vya usukani. Ukija gari likitembea katika kona, kwa mpigo ufuatao mwendo wa gurudumu, tazameni kiungo cha ekseli. Ukiwa mgongo mmoja tu gari liondokapo au likatapo, yawezekana ni bushi za springi au kifundo kilicholegea. Katika magari madogo ya mijini, tazameni ule mpira uliokunjwa-kunjwa unaofunika kiungo nyuma ya gurudumu. Ukipasuka na gresi kutapakaa, ubadilishwe upesi kabla mlio haujaanza. Nanyi wa pikipiki, usukani ukigota, inueni gurudumu la mbele, mshike miguu yake, msukume na kuvuta; ukicheza, beringi za shingo zataka kukazwa au kubadilishwa.

Na ninyi wanafunzi mliopiga kelele siku ile uwanjani, kumbukeni kwamba Mzee hakuwa na chombo chochote isipokuwa masikio, pua na mkono. Alipita jambo moja baada ya jingine, akaondoa lisilo na kosa, mpaka likabaki lenye kosa. Hiyo ndiyo elimu.

Gari lingali latembea njia ya Kasongo, kimya kwenye kona. Kitambaa kingalimo chini ya kiti cha dereva. Lakini siku hizi, likionekana tone jeusi nyuma ya gurudumu, hatupangusi kwanza. Twamwita Mzee.