Usingizi Una Haki Yake



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetujaalia usingizi uwe mapumziko yetu. Napenda kukusimulia jambo lililonipata, huenda likakufaa.

Nyumbani kwetu ni Handeni, lakini nasoma Korogwe, ambako naishi kwa shangazi. Yeye hukaanga maandazi na kuyauza stendi kwa abiria wa mabasi ya asubuhi, nami humsaidia. Kila siku tunaamka saa tisa na nusu usiku. Tatizo ni kwamba nilikuwa silali mpaka saa tano, nikitazama televisheni kwa jirani au kupiga soga barazani. Nililala saa nne na nusu tu, na nikajiona shujaa.

Nikawa nasinzia shuleni, nasinzia chuoni mbele ya msahafu, hata katika swala nilisahau rakaa niliyopo. Usiku mmoja shangazi aliniachia karai jikoni akaingia ndani kuchukua unga. Nikasinzia. Nilipozinduka, mafuta yalikuwa yameshika moto, na binamu yangu mdogo amesimama hatua mbili tu kutoka jikoni. Shangazi alimvuta mtoto, akafunika karai kwa mfuniko, moto ukazimika. Alhamdulillah, hakuna aliyeungua, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka kulipokucha.

Shangazi hakunipiga. Alinipeleka kwa ustadhi wetu, naye akaniambia, "Mwanangu, mwili wako una haki juu yako. Ukishindwa kuupa usingizi kwa mkupuo mmoja, upe kwa mafungu. Lakini usiudhulumu."

Akanieleza kuwa Nabii Daud (A.S.) alikuwa akilala nusu ya usiku, akisimama kuswali thuluthi yake, kisha akilala tena sudusi iliyobaki, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Akanikumbusha kuwa Suratun Nur, aya ya 58, inataja wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika. Huo ndio wakati wa qailula. Na Mtume (S.A.W.) amemwelekeza anayesinzia ndani ya swala alale kwanza mpaka usingizi umtoke.

Tukapanga hivi: baada ya Isha nakula, na saa mbili na nusu niko kitandani. Naamka saa tisa na nusu, nikiwa nimelala saa saba. Nikitoka shule nalala qailula ya nusu saa au zaidi kidogo, kisha naoga na kwenda kuswali Alasiri na kuingia chuoni. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu: usiku nilijigeuzageuza, na mchana nikipitiliza saa nzima niliamka kichwa kizito. Wiki ya tatu mwili ukazoea.

Likizo nilipokwenda Handeni, nilipewa zamu ya kulinda mahindi ya bibi yasiliwe na nguruwe. Zamu yangu ilikuwa mwanzo wa usiku. Ikabidi nipange upya: nalala kuanzia usiku wa manane mpaka Alfajiri, na kabla ya Adhuhuri nafidia saa mbili tatu chini ya mwembe. Saa zilibadilika, haki ya mwili haikubadilika.

Wapo vijana wanaosikia habari hizi wakadhani mtu anaweza kuishi kwa kusinzia vipande vifupi tu. Sivyo. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo kuwa kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa siku. Gawanya utakavyo, lakini jumla itimie, na fungu kubwa liwe la usiku.

Nanyi wazazi, mkimwona mtoto amejilaza mchana baada ya kazi za alfajiri, msimwite mvivu. Huenda analipa deni.

Wabillahi tawfiiq.